Ubongo wa Kulwa na wa Doto

Mwezi uliopita tumemsomea Zena hitima ya arobaini, kule Tabata kwa binti yake Kulwa, na mie nimerudi kwangu na furaha isiyo na adabu. Najua mtu hatoki msibani anacheka. Lakini hebu nisikilizeni. Tumeshakula pilau, tumenawa, wanawake tumejinyoosha kwenye mikeka, ndipo mjukuu wa Kulwa, msichana anayesomea udaktari, akaanza kutueleza kwamba siku hizi kitoto kichanga hulazwa ndani ya mashine kikiwa usingizini, ubongo wake ukapigwa picha bila kuguswa hata unywele. Wanaume waliokaa mlangoni wakadakia. Mmoja akauliza, "Na wa kiume na wa kike, si mbalimbali huo?" Binti akasema ndiyo, ukichukua watoto wengi ukawapima, wa kiume utakuta ubongo wake umezidi kidogo, kama mwili wake unavyozidi kidogo, na zipo sehemu zilizozidi kwa huyu na nyingine kwa yule. Lakini wamechanganyikana mno, na ukimpa picha moja tu, haina jina, yeye hathubutu kuapa ni ya nani. Mie nikajipiga paja. Nikasema hayo sie tumeyasikia Temeke, Mwingereza bado yupo, na aliyetuletea alikuwa mpishi. Vijana wakatazamana, wakaona bibi kachoka, apewe maji. Kulwa na pacha wake Doto, ambao sasa nao ni wazee wa kushikwa mkono kwenye ngazi, walikuwepo kwenye hayo ninayoyasema, ila ushahidi wao hauna maana, maana walikuwa na siku arobaini.

Ya ukoo nayaacha, yatatuchukua mpaka kesho. Jueni tu kwamba nililelewa na baba mkubwa, Mzee Mfaume, baba yake Zena, katika nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati umenyooka kutoka barazani mpaka uani, vyumba vinatazamana huku na huku. Vya mbele walipanga watu wa Kusini. Sie tulikaa vya nyuma, karibu na jiko, ndiyo maana neno lolote lililosemwa uani mie nililisikia nimelala. Baba mkubwa alikuwa mpishi wa daktari mmoja wa Kizungu huko Oyster Bay. Alipika yeye, na wageni wakiwapo alivaa kanzu nyeupe na mshipi mwekundu, akaandaa meza yeye. Siku za kazi alilala hukohuko kwenye vyumba vya watumishi, nyumbani akija Jumapili kwa baiskeli, na kwenye usukani ananing'iniza mfuko wa masalio ya mezani, vipande vya nyama ya kuoka, mara kipande cha pudini, kitamutamu chao cha kumalizia chakula, kimelowa kimekuwa uji, tunagawana kwa kidole. Lakini tulichokingojea zaidi ni maneno. Daktari yule na wageni wake walizungumza kila kitu mbele yake, maana kwao mtu aliyeshika sahani hana masikio, na Kiingereza alikijua kuliko walivyodhani. Basi Jumapili tumezunguka wali wa nazi na mchuzi wa bamia, tunaletewa habari za dunia, za Malkia, za mvua ya Ulaya, nani kanuniana na mkewe. Majirani nao walipita kusalimia saa hiyohiyo ya chakula, na wakishatoa shikamoo hawaondoki. Baba mkubwa alikuwaga na raha zake akieleza, anaweka na sauti, hii ya Daktari, hii ya mke wa Daktari, na mama Zena anamwambia kula kwanza, wali unapoa.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza darasa la nne, na nimepita. Mwalimu wangu, mama mmoja mwembamba wa sauti ya chini, alikuja mwenyewe Jumapili, akapewa kiti, akasema nafasi ipo katika shule ya bweni ya wasichana, anachotaka ni kauli ya mzee kabla shule hazijafunguliwa. Mie nilikuwa nyuma ya pazia la mlango, nimebana pumzi. Nilikuwa naitaka ile shule mpaka usiku nailota. Baba mkubwa akamsikiliza kwa heshima zote, kisha akasema, "Mwalimu, si kwamba sitaki. Lakini juzi Daktari amesema mezani, na yeye vichwa vya watoto ndiyo kazi yake, kwamba ubongo wa mtoto wa kike ni mdogo tangu siku ya kuzaliwa. Wa kiume ndiye mwenye mkubwa. Nimesikia kwa masikio yangu haya. Sasa mie nimtwike mtoto mzigo ambao Mungu hakumpa mabega yake?" Mwalimu akauliza taratibu, "Na baada ya hapo Daktari alisemaje?" Baba mkubwa akajibu kwamba baada ya hapo yeye alikwenda jikoni kuleta pudini. Mama Zena akacheka, akajifanya anakohoa. Mwalimu akasema atarudi, akaondoka bila kauli yoyote, na mie nikaenda kulia chumbani kwa Zena.

Zena alikuwa kitandani, tumbo limemjaa hata kugeuka hawezi. Amekuja kwao kujifungua, kama ilivyo desturi kwa uzazi wa kwanza, mumewe yuko Tanga kwenye mkonge. Alikuwa amesikia yote. Niseme wazi hapa kwamba katika nyumba ile mwenye kichwa cha masomo alikuwa Zena, si mie. Miaka minne nyuma alipita mtihani uleule, vizuri kuliko mie, na mwalimu akaja vilevile akakaa kwenye kiti kilekile. Wakati ule Daktari alikuwa hajafungua mdomo kuhusu ubongo wa mtu. Baba mkubwa alisema tu, "Msichana, hapo imetosha," na ikawa imetosha. Zena akafundishwa kupika, akachezwa ngoma, akaolewa. Sikumsikia hata siku moja kulalamika, ila nilipokuwa nasoma kwa sauti, yeye anachagua mchele, nikikosea neno alilitaja sawasawa bila kuinua uso. Siku ile nilipomlilia alinifuta machozi kwa pembe ya kanga, akasema, "Angalau wewe umeletewa neno la daktari. Mie hata mganga hakuulizwa." Tukacheka mpaka tumbo lake likaruka.

Haukupita muda akajifungua pacha. Wa kwanza kutoka wa kike, huyo ndiye Kulwa, wa pili wa kiume, Doto. Ndugu zangu, nyumba ilijaa. Chumba cha Zena kilinukia ubani na mafuta ya nazi, chungu cha makaa chini ya kitanda, bakuli la uji wa pilipili manga halikauki, mchuzi wa kuku asubuhi, mchuzi wa kuku jioni. Shule nilikuwa sina, kazi yangu ikawa kushika mmoja wakati mwenzake ananyonya, na hiyo ndiyo kazi tamu kuliko zote nilizowahi kufanya, na nimefanya nyingi. Jumapili baba mkubwa alikuja akasimama juu yao, mikono nyuma, kama anakagua sahani. "Mwoneni huyu wa kiume alivyotulia," anasema. "Anafikiri. Huyu wa kike tazama macho, keshaanza kutafuta umbea." Safari moja akaja na jipya. Mgeni mmoja mezani kwa Daktari, mama wa Kizungu, alisema mtoto wa kiume hata angali mchanga hutazama vitu, chuma, saa, kinachokwenda, na wa kike hutazama nyuso za watu. Baba mkubwa alilipenda hilo neno. Alilisema mara mbili kabla hajala.

Sie na Zena tukalifanyia kazi katikati ya wiki, mzee hayupo. Tuliwalaza chali juu ya mto, Zena anawachungulia kwa uso wake, mie nawachezeshea funguo za kabati. Mungu wangu, jinsi tulivyokuwa na bidii. Asubuhi Doto anatazama funguo na Kulwa anatazama mama. Adhuhuri Kulwa hataki uso wa mtu, macho yote kwenye funguo. Wakishikwa na njaa hakuna anayetazama kitu, wote wawili wanapiga kelele mpaka watu wa Kusini wanagonga ukuta. Zena akaniambia, uso mkavu kabisa, "Salima, huyu jana alikuwa nao mkubwa, leo mdogo. Au unapungua akinyonya upande wa kushoto?" Nikacheka nikakaa chini. Leo najua kwamba wataalamu wenyewe wanahangaika na jambo hilohilo, kwamba mtoto mchanga haeleweki, na raha ninayoipata kujua hivyo siwezi kuwaelezea. Sie tulikuwa tunauliza swali la maana kwa funguo za kabati.

Sasa ikakaribia arobaini, siku ya watoto kutolewa nje. Kwetu mtoto hutolewa ndani akabebwa na shangazi mpaka uani, akaonyeshwa kazi zitakazomngoja. Wa kiume anaonyeshwa jembe, panga na kalamu, wa kike ungo, mwiko na kinu. Hilo moja. La pili, pacha hawabaguliwi. Ukimpa mmoja mpe na mwenzake, kilekile, la sivyo mmoja atasikia uchungu aondoke zake, na watu waliliogopa hilo kwelikweli. Kwa hiyo mama Zena alikata bafta nyeupe moja vipande viwili, akawanyoa vichwa siku moja, akawatia wanja sawasawa, na kila mmoja akafungwa mkononi uzi mweusi wenye mvuje wa kukinga kijicho. Nikifikiri sasa ndipo naona jinsi tulivyokuwa watu wa ajabu. Tumekesha kuwafanya wasitofautike hata kwa harufu, kisha tunaita watu waje kuona walivyo tofauti. Na baba mkubwa safari hii aliita hasa. Alichukua ruhusa kazini, akaleta saa yake ya mnyororo aliyopewa na Daktari, na akamtumia mwalimu wangu salamu kwamba afike. "Atajionea mwenyewe," akasema. "Halafu ataniachia mtoto wangu." Hapo nikaelewa kwamba shule yangu inakwenda kuamuliwa na vichanga viwili na saa moja.

Siku ilipofika uani hapakuwa na pa kukanyaga. Shangazi Mwajuma, dadake baba mkubwa, alishuka asubuhi ileile kutoka Kisarawe, hajawahi kuwaona watoto, na haki ya kuwabeba ni yake. Akaja mlangoni kwa Zena akanyoosha mikono. Zena akampa Kulwa, kwa sababu Kulwa ndiye mkubwa, na pacha mkubwa ndiye anayetangulia kutoka. Shangazi hakuuliza. Kichwani mwake anayetangulia ni mwanamume, basi akaenda naye moja kwa moja mpaka kwenye jembe na kalamu. Mie nilikuwa mlangoni na Zena, tunachungulia kwenye pazia. Nikafungua mdomo. Zena akanibana mkono, na mkono wake ulikuwa wa moto. "Nyamaza," akasema. "Waache waseme."

Wakasema. Baba mkubwa akatoa saa, akaining'iniza mbele ya uso wa Kulwa, ikimetameta kwa jua, akaipeleka kulia, macho ya mtoto yakaenda kulia. Akaipeleka kushoto, yakaja kushoto. Watu wakaguna kwa kuridhika. "Mwalimu, umeona," baba mkubwa akasema, na sauti yake ilikuwa ile ya Jumapili. "Huyu anataka kujua ndani mna nini. Huo ndio ubongo wa kiume, haufundishwi, umekuja nao." Mpangaji mmoja wa Kusini akasema huyu fundi wa reli. Shangazi akasema hapana, karani. Kisha akaja Doto, akawekwa karibu na ungo na mwiko, saa ikapita mbele yake kulia na kushoto, naye akapiga mwayo, akaipuuza, akakodolea uso wa shangazi na vipini vyake vya puani, akachanua tabasamu la ufizi mtupu. Uani kote kicheko. "Wa kike huyo," baba mkubwa akasema, "keshaangalia nani kavaa nini." Zena pale mlangoni alikuwa ameuma kanga, machozi yanamtoka kwa kicheko, na mie nimeshika pazia kwa mikono miwili, sijui ni kwa hofu au furaha. Baba mkubwa akamgeukia mwalimu akamwuliza kama ameridhika. Kabla mwalimu hajajibu, Doto akaanza kukojoa. Shangazi akahisi joto, akafungua bafta haraka kuokoa nguo yake mpya, na mkojo ukapanda juu, ukampata kidevuni.

Shangazi akatazama alichoshika, akamtazama kaka yake, akasema, "Mfaume, huyu msichana wako ana mambo." Mama Zena akamfungua yule mwingine aliyekuwa mikononi mwa jirani, akamfunga tena upesi. Kisha uani kukalipuka kicheko, watu wa Kusini wanashikana mabega, wanawake wanapiga vigelegele bila ile hesabu ya wa kiume na ya wa kike, hakuna aliyejua tena vya nani. Baba mkubwa alibaki amesimama na saa inaning'inia kidoleni. Mwalimu wangu hakucheka, na kwa hilo nampenda mpaka leo. Alisema tu, "Mzee, shule zinafunguliwa mwezi ujao," akaaga. Na najua mnangoja niwaambie kwamba Doto alikuja kuwa mpishi kwa sababu alionyeshwa mwiko. Hakuwa. Alikuwa dereva wa malori, na chai yenyewe mpaka leo hajui kuichemsha. Kulwa aliuza vinyago Mwenge miaka mingi, na saa hajawahi kuvaa.

Jumapili zilizofuata baba mkubwa alikula kimya. Hakuna sauti ya Daktari, hakuna ya mke wa Daktari, majirani wakaacha kupita. Mie nilihesabu mwezi unavyokwisha, na nikakata tamaa, maana nilidhani aibu imemfanya awe mgumu zaidi. Kumbe alikuwa anajitayarisha. Jumapili ya mwisho kabla ya shule alifika mapema, hajafungua hata vibano vya suruali vya kuendeshea baiskeli, akatuita wote uani. "Jana nimemwuliza," akasema. Mama Zena akashika kichwa. Mpishi kufungua mdomo mezani, wageni wakiwapo, ilikuwa ni kujitafutia kufukuzwa, na nyumba nzima ilikula kwa ile kanzu nyeupe. "Niliweka samaki, sikuondoka," akaendelea. "Bibi mwenye nyumba akanitazama. Nikasema, Bwana Daktari, ile habari ya ubongo wa watoto, mie nilikwenda kuleta pudini. Akacheka. Halafu akaniona mie sicheki, akaweka uma chini." Akatueleza polepole, bila kuigiza sauti ya mtu. Kwamba Daktari amesema wa kiume ni mkubwa kidogo kwa sababu kila kitu chake ni kikubwa kidogo, na wapo wasichana wengi wanaowapita wavulana. Kwamba ukubwa wa kichwa cha kichanga haukwambii atajifunza nini, na ukimletea ubongo wa watoto wawili hawezi kukwambia upi wa nani. "Nikamwuliza, basi mtu atajuaje kama msichana anaweza? Akasema, mpeleke shule utajua."

"Na hakukufukuza?" mama Zena akauliza.

"Alisema samaki amepoa, nikampashe moto."

Kisha akanigeukia mie. "Salima. Kesho nenda kamwambie mwalimu wako ndiyo." Sikumbuki niliyoyafanya, nimesimuliwa. Nasikia nilikimbia ukumbi wote mpaka barazani na kurudi, nikapiga ndoo teke, nikambusu mama Zena, nikambusu mpangaji wa Kusini aliyetoka kuuliza kuna moto wapi. Nilipata furaha siku ile ambayo kuolewa hakukunipa, wala kustaafu. Nilikuwa bado narukaruka pale uani, nimeshika mikono ya shangazi, aliyekuwa hajarudi Kisarawe tangu arobaini, niliposikia Zena anasema.

"Na mie, baba?"

Alikuwa amekaa pembeni ya mkeka, mgongo ukutani, Kulwa ananyonya, Doto amelala kwenye mapaja. Hakusema kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa. Nikaiachia mikono ya shangazi. Baba mkubwa alikuwa ameshapokea kikombe cha chai, akakiweka chini hajakinywa, akamgeukia mwanawe.

"Kwako wewe, mwanangu," akasema, "sikuuliza."

Zena akaitikia kwa kichwa. Akamhamishia mtoto titi la pili, akaniambia niende jikoni nikapakue wali, watu wana njaa.